Nyumba Isiyouzwa: Uruguay Ilivyojenga Ushirika wa Makazi kwa Saa 21 kwa Wiki

Kwenye mijadala ya mazingira siku hizi kuna aina moja ya makazi inayosifiwa sana. Kaya kadhaa zinaungana, zinajenga mahali pamoja, kila moja inabaki na nyumba yake ndogo yenye jiko lake na mlango wake, halafu ukumbi, sehemu ya kufulia, bustani na uwanja wa watoto vinakuwa vya wote. Ardhi kidogo inatosha watu wengi, vifaa vinatumika kwa zamu, na majirani wanajuana kwa majina. Wataalamu wanayaita makazi endelevu.

Ukimweleza habari hii mtu aliyekulia Manzese au Buguruni, atakuuliza: sasa jipya hapo ni lipi? Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja, bomba moja, na mita moja ya LUKU inayoleta ugomvi kila umeme ukikata. Si ndiyo makazi ya pamoja hayo? Watu wameishi hivyo miaka nenda rudi bila kuhitaji mtaalamu wa kuwapa jina.

Ana hoja. Ila kuna kitu kimoja kinakosekana. Wapangaji wa nyumba ile wanashirikiana choo, hawashirikiani hati. Mwenye nyumba akipandisha kodi, wanalipa au wanahama. Akiamua kuuza kiwanja kwa mtu wa ghorofa, wanapewa notisi. Hakuna anayeona faida ya kurekebisha paa lisilo lake. Kwa hiyo kuishi pamoja tunakujua vizuri sana. Tusichokizoea mjini ni kumiliki pamoja. Na ukifuatilia historia ya makazi ya ushirika duniani, utaona kwamba hapo ndipo yanapofaulu au kufa: nani anamiliki, na nani anaamua.

Leo tuangalie nchi ndogo ya Amerika Kusini ambayo imelijaribu jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kwanza tupitie Denmark, maana ndiko ambako vitabu vingi huanzia.

Denmark: dawa ya upweke

Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer na marafiki zake walianza kukutana Copenhagen kujadili jinsi familia zinavyoweza kuishi karibu zaidi. Walinunua ardhi Hareskov, nje kidogo ya mji, lakini majirani wakaupinga mradi na ukakwama. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae akachapisha makala gazetini akidai kwamba mtoto anahitaji wazazi wengi, si wawili tu. Wasomaji waliokubaliana naye walitafutana, na mwaka 1972 familia 27 zikahamia Sættedammen, makazi ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hii. Chakula cha jioni kililiwa kwenye ukumbi wa pamoja, wapishi wakiwa wakazi wenyewe kwa zamu.

Wazo lilikuwa zuri, na limeigwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Tatizo ni kwamba watu wa mwanzo walikuwa na uwezo wa kununua. Nyumba zao zilikuwa mali binafsi, na mali binafsi hupanda bei kama nyingine yoyote. Ilibidi serikali iingie: mwaka 1981 Denmark ilipitisha sheria iliyorahisisha mikopo ya nyumba za ushirika, na hapo ndipo watu wa kipato cha kawaida walipoanza kupata nafasi.

Denmark ilianza na swali la upweke, ikalikuta swali la umiliki njiani. Uruguay ilianza na umiliki moja kwa moja, kwa sababu haikuwa na namna nyingine.

Uruguay, 1968: mwaka mbaya, sheria nzuri

Fikiria hali ilivyokuwa. Uruguay iliwahi kuishi vizuri kwa kuuza nyama na sufu nje. Kufika miaka ya 1960 biashara hiyo ilikuwa imedorora. Mwaka 1967 mfumuko wa bei ulipita asilimia 100, yaani pesa ya Januari ilikuwa haijafika hata nusu ya thamani yake ilipofika Desemba. Mwaka 1968 rais Jorge Pacheco Areco aligandisha mishahara kwa amri, wafanyakazi wakagoma, wanafunzi wakaandamana na polisi wakawafyatulia risasi. Kujenga nyumba kwa mkopo katika hali hiyo ilikuwa ndoto. Benki ikikopesha pesa leo, kesho inarudishiwa makaratasi.

Katikati ya vurugu hizo, tarehe 17 Desemba 1968, bunge lilipitisha sheria ya makazi namba 13.728. Aliyeiandaa kwa sehemu kubwa ni Juan Pablo Terra, msanifu majengo na mbunge wa chama cha Kikristo cha kidemokrasia. Ndani yake kulikuwa na sura nzima ya vyama vya ushirika wa nyumba.

Haikutoka hewani. Miaka miwili kabla, kituo cha ushirika cha nchi hiyo kilikuwa kimeanza kusaidia vikundi vitatu vya majaribio mikoani, kimoja kikiwa katika kijiji cha Isla Mala, wafanyakazi wakijijengea wenyewe. Sheria iliwapa wengine njia ileile. Mei 1970, palepale Isla Mala, vyama vilikutana na kuunda shirikisho la vyama vya ushirika wa nyumba za kusaidiana. Kwa kifupi cha Kihispania linaitwa FUCVAM, na lipo mpaka leo.

Mambo yanavyokwenda

Hapa twende polepole, maana siri iko kwenye mpangilio.

Kwanza, watu wanaungana. Wanaweza kuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja, wanachama wa chama kimoja cha wafanyakazi, au majirani tu. Kwa sheria ya 1968 chama kimoja kiliweza kuwa na wanachama 10 mpaka 200. Wanasajiliwa, wanachagua viongozi, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho: mwanachama mmoja, kura moja.

Pili, wanapata wataalamu. Sheria iliweka taasisi za ushauri zisizotafuta faida, zenye wasanifu majengo, wahasibu, wanasheria na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Malipo yao yana kikomo kisheria. Chama ndicho kinachowaajiri, si wao wanaokiendesha chama.

Tatu, serikali inakopesha. Mkopo ni wa chama kizima, wala si wa mtu mmoja mmoja. Kwa kawaida unafika asilimia 85 ya thamani ya ujenzi. Asilimia 15 iliyobaki, ambayo kwa mkopo wa benki ungeileta kama pesa taslimu, wanachama wanaileta kwa mikono yao.

Ndipo zinapokuja saa 21. Kila kaya inaahidi kiasi cha saa 21 za kazi kila wiki mpaka ujenzi uishe, jambo linalochukua mwaka na zaidi. Wanachanganya zege, wanasomba matofali, wanapaka rangi, wanalinda eneo usiku, wanapika, wanatunza vitabu vya hesabu. Mafundi wa kuajiriwa wanafanya kazi za kitaalamu kama umeme. Ukishindwa kutimiza saa zako, unadaiwa. Watu wa Upare na Tanga wangeuita msaragambo, tofauti ikiwa kwamba huu una daftari la mahudhurio na mkataba.

Na mara nyingi hujui unajenga nyumba ipi. Nyumba hugawiwa kwa kura wakati kazi imekwisha au inakaribia kwisha. Kwa hiyo ukilipua ukuta wa nyumba namba 14, unaweza kujikuta umejilipulia wewe mwenyewe.

Nne, ulipaji. Ile sheria ya 1968 ilibuni kipimo cha fedha kinachopanda na kushuka kulingana na wastani wa mishahara ya nchi. Mikopo ya nyumba ikahesabiwa kwa kipimo hicho badala ya pesa ya kawaida. Mishahara ikipanda, deni nalo linapanda. Ikisimama, deni linasimama. Angalau kwa nadharia, mfuko wa serikali hauliwi na mfumuko wa bei, na mfanyakazi hapati deni linalokimbia kuliko mshahara wake. Ni hesabu rahisi, lakini bila hiyo saa 21 zisingemfikisha mtu popote.

Tano, na hili ndilo kubwa: umiliki. Nyumba zinabaki mali ya chama. Mwanachama ana haki ya kuishi humo, haki isiyo na mwisho, na anaweza kuwarithisha watoto wake. Ila hawezi kuiuza sokoni wala kuigeuza duka la kupangisha. Akiamua kuondoka, chama kinamrudishia hisa zake, yaani thamani ya kazi aliyoifanya na mkopo aliokwisha kulipa, baada ya makato ya uchakavu. Kisha nafasi inachukuliwa na mwanachama mpya, kwa gharama ileile ya hisa. Bei ya kiwanja cha jirani ikipanda mara kumi, wewe haikuhusu.

Kwa msomaji aliyezoea kusikia kwamba nyumba ni uwekezaji, hapo pana ukakasi. Nitajenga kwa jasho langu halafu nisiuze? Wanachama wenyewe walilijadili sana. Jibu lao lilikuwa hivi: haki ya mtu mmoja kuuza kwa bei ya soko ndiyo inayomzuia mfanyakazi wa kesho kuingia.

Wanajeshi wanataka kugawa hati

Tarehe 27 Juni 1973 rais akishirikiana na wanajeshi alivunja bunge. Udikteta ukaanza, ukaendelea hadi Machi 1985. Vyama vya siasa vilisimamishwa, shirikisho la wafanyakazi likapigwa marufuku, na maelfu ya watu wakafungwa.

Vyama vya nyumba viliachwa vinyong'onyee. Usajili wa vyama vipya ulibanwa mpaka ukakauka, na mikopo ikaelekezwa kwa makampuni binafsi ya ujenzi. Lakini vilivyokwisha kujengwa vilikuwa na watu ndani, na watu hao walikuwa na utaratibu wao: mkutano mkuu, kura, kamati. Katika nchi ambayo bunge lilikuwa limevunjwa na vyama vya siasa vimesimamishwa, mtaa wa ushirika ulikuwa sehemu mojawapo chache ambapo watu wazima walikaa kwenye viti vya mbao na kuhesabu mikono iliyonyooshwa. Hata kama ajenda ilikuwa pampu ya maji tu.

Mwaka 1983 serikali ilipandisha marejesho ya mikopo. Vyama vikagoma kulipa nyongeza hiyo. Watawala wakajibu kwa mbinu ya kijanja: wakaleta sheria ya kuuvunja umiliki wa pamoja na kuwafanya wanachama kuwa wamiliki binafsi, kila mmoja na hati yake.

Tafakari kidogo. Serikali ya kijeshi haikuja na tingatinga. Ilikuja na zawadi. Kila mmoja apewe hati, awe huru kuuza. Mtu wa kawaida angekataa kweli?

Walikataa. Februari 1984 shirikisho lilituma wanachama wake mitaani, nyumba kwa nyumba, kukusanya saini za kutaka suala hilo liamuliwe na wananchi. Kwa siku moja zilipatikana saini zaidi ya 300,000, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 3. Kumbuka kwamba kuandika jina lako kwenye karatasi ya aina hiyo, wakati ule, halikuwa jambo la mzaha. Ugawaji wa hati ulishindikana. Mwaka uliofuata wanajeshi walirudi kambini, na vyama vya nyumba vikabaki na umiliki wao.

Kwa nini walikataa zawadi? Nadhani ni kwa sababu waliielewa hesabu. Mkopo wa pamoja uliwapa nguvu ya kugoma pamoja. Kila mtu akiwa na deni lake, benki inamshughulikia mmoja baada ya mwingine. Na hati ingemaanisha kwamba anayepoteza kazi anauza, anayenunua hana habari na mkutano mkuu, na baada ya miaka kumi unabaki na mtaa wa kawaida wenye ukumbi uliofungwa kufuli.

Endelevu kwa maana ipi?

Turudi kwenye neno tulilolianza nalo. Tukisikia "makazi endelevu" mawazo yanakimbilia paneli za sola. Hizo ni muhimu, ila nyumba za Uruguay za miaka ya 1970 hazikuwa nazo. Zilikuwa nyumba za matofali, nyingi zikiwa zimepangwa kwa safu na kutumia ukuta mmoja kati ya majirani wawili. Ukuta wa pamoja maana yake tofali chache, msingi mfupi, na sehemu ndogo ya nyumba inayopigwa na jua la kiangazi au upepo wa baridi. Mabomba na barabara vinakuwa vifupi pia. Ardhi iliyookolewa ikawa chekechea, maktaba, zahanati na viwanja vya michezo, ambavyo mitaa ya jirani pia ilivitumia.

Lakini faida kubwa ya mazingira haionekani siku ya kuhamia, inaonekana baada ya miaka 40. Saruji na tofali hutumia nishati nyingi kutengenezwa. Nyumba inayobomolewa baada ya miaka 20 ili kupisha ghorofa imepoteza nishati yote hiyo. Nyumba isiyouzwa haina sababu ya kubomolewa kwa tamaa ya bei, na ina mtu wa kuulizwa paa likivuja: kamati ya matengenezo iliyochaguliwa, yenye mfuko. Ndiyo maana vyama vingi vya kwanza bado vinakaliwa leo, baadhi na wajukuu wa waliochanganya zege.

Shirikisho lina familia zaidi ya 20,000. Mfumo wake ulienezwa Paraguay, Bolivia na nchi kadhaa za Amerika ya Kati kwa msaada wa shirika la ushirika la Sweden, ambalo siku hizi linaitwa We Effect, na mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya makazi, World Habitat Award.

Tusiipake sukari

Saa 21 ni nyingi. Zijumlishe na ajira ya mchana, watoto na basi la kurudi nyumbani, uone kinachobaki. Mzigo huo uliwaangukia wanawake zaidi, kwenye ujenzi na nyumbani, huku mara nyingi jina la mwanachama kwenye daftari likiwa la mume. Ndoa ikivunjika, aliyebaki bila nyumba alikuwa mwanamke aliyeijenga. Ilichukua miaka ya madai ya wanawake ndani ya vyama vyenyewe mpaka kanuni ya majina mawili ikapata nguvu.

Pia mfumo unategemea mkono wa serikali. Mikopo ikikatwa, kama wakati wa wanajeshi, vyama vipya havizaliwi. Na pasipo ardhi hakuna cha kujengea: mwaka 1989 vikundi vilivyochoka kusubiri vilivamia viwanja mjini Montevideo. Mwaka 1990 manispaa ya jiji hilo ikaanzisha hazina ya ardhi kwa ajili ya vyama, ili visisukumwe wote pembezoni kusiko na mabasi wala shule.

Na sisi je?

Kusaidiana hatujapungukiwa. Tuna upatu, vikoba, vyama vya kuzikana, na Kenya wana harambee. Ushirika nao tumekuwa nao tangu enzi za kahawa na pamba. Ila kumbukumbu yetu ya Tanzania ina kovu: mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vya mazao kwa uamuzi wa juu, na wakati huohuo watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Kwa hiyo neno "pamoja" lilipata sura ya amri. Linganisha na Uruguay, ambako "pamoja" ilikuwa ndiyo njia ya kuikatalia amri. Maneno yanafanana, lakini mwenye kuamua si mmoja.

Mijini, vikundi vingi vya Afrika Mashariki vinafanya hatua ya kwanza vizuri sana. SACCO inanunua shamba, inapima, inagawa viwanja. Kenya wana muungano wao wa vyama vya nyumba, NACHU, ambao nao umewahi kufanya kazi na Wasweden walewale. Lakini mara nyingi ushirika unaishia siku ya kugawa hati. Kila mmoja anachukua karatasi yake, anajenga ukuta wake na geti lake, au anauza kwa anayetoa zaidi.

Dar es Salaam kuna mfano wa kufikirisha. Miaka ya 2000 upanuzi wa bandari uliwaondoa watu Kurasini. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji, ambao ndio wengi, hawakuwa na hati ya kufidiwa. Baadhi yao, kupitia vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, walichanga, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaanza kufyatua matofali wenyewe na kujenga. Wamethibitisha kwamba mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuwa mjenzi. Kilichowabana ni vilevile vilivyoibana Uruguay: mkopo wa muda mrefu wenye masharti yanayobebeka, na ardhi isiyo mbali na mahali penye vibarua. Wenzao walikuwa na sheria ya 1968 nyuma yao. Wao walikuwa na daftari la akiba.

Kwa hiyo ukikutana na mradi unaojiita makazi ya pamoja, iwe ni wa Ulaya au wa Kigamboni, usianze kuuliza kuhusu bustani na sola. Uliza maswali matatu. Hati imeandikwa jina la nani? Anayeondoka anauza kwa bei ya nani? Na paa likivuja mwaka wa 20, mkutano wa kuamua unaitishwa na nani? Wafanyakazi wa Uruguay walikuwa na majibu kabla hawajachimba msingi. Hayo ndiyo waliyoyalinda kwa saini zaidi ya 300,000, wakati walipoletewa hati mkononi.